Mafuriko ya mto Nyamwamba (2013)

Mafuriko ya mto Nyamwamba ya tarehe 1 Mei 2013 yalikuwa maafa yaliyolipata bonde la Kilembe na mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori. Maji yaliyochanganyika na tope, magogo na majabali yalishuka kutoka mlimani, yakaua watu 8, yakabomoa nyumba, madaraja na barabara, na kuwaacha maelfu ya wakazi bila makao. Hospitali ya Kilembe iliyojengwa kando ya mto nayo iliharibiwa.

Mvua iliyonyesha siku ile haikuwa ya ajabu kwa eneo lile. Mvua kama hiyo ilikuwa imewahi kunyesha mara nyingi bila kuangamiza mtu. Kilichokuwa kimebadilika ni mlima wenyewe: mnamo Februari 2012, miezi 15 kabla ya mafuriko, moto ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa ya mimea ya juu katika bonde la mto huo. Kwa sababu hiyo mafuriko ya Nyamwamba ni mojawapo ya mifano michache iliyochunguzwa vizuri katika Afrika ya Mashariki inayoonyesha jinsi moto wa nyika mlimani unavyoweza kufuatwa na mafuriko ya tope.

Mahali

Milima ya Rwenzori iko mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tofauti na Kilimanjaro na mlima Kenya, haikutokana na volkeno; ni pande kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa na nguvu zilezile zilizopasua Bonde la Ufa. Kilele cha juu, Margherita, kina mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, na ni cha tatu kwa urefu barani baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Mpasuko wa ardhi haujatulia hadi leo. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 katika eneo la Toro, na mitetemeko midogo ni jambo la kawaida. Mitetemeko hiyo hulegeza miamba ya miteremko, hata kama haiangushi kitu siku hiyohiyo.

Mto Nyamwamba huanzia juu katika milima hiyo, hupita katika bonde jembamba la Kilembe, kisha mji wa Kasese, na kuishia ziwa George. Bonde linalokusanya maji yake mlimani ni dogo: eneo lake ni zaidi kidogo ya kilomita za mraba 100, wakati kisiwa cha Unguja kina zaidi ya 1,600. Lakini ndani ya udogo huo mto hushuka kutoka kwenye urefu wa karibu mita 4,000 hadi mita 1,000 hivi mjini Kasese. Mto wenye mteremko wa namna hiyo hautoi nafasi ya kufikiri. Mvua ikinyesha juu, maji huwa yamefika mjini kabla ya saa nyingi kupita, na mara nyingi walioko chini hawajaona hata tone.

Msomaji aliyezoea mafuriko ya masika ya Unguja anapaswa kuweka kando picha aliyo nayo. Unguja haina mlima. Kilima cha Masingini chenyewe hakifiki mita 150. Kule maji hukusanyika mahali pa bondeni kama Mwanakwerekwe, huingia majumbani polepole, na huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kunywewa na ardhi. Kasese maji huja kwa kishindo yakiwa yamebeba mawe makubwa, hupita, na baada ya muda mfupi mto hurudi kuwa kijito. Kinachobaki ni uwanja wa mawe mahali palipokuwa na nyumba.

Wenyeji wa miteremko hiyo ni Wakonzo, ambao ndugu zao upande wa Kongo huitwa Wanande. Katika imani zao za jadi, juu kwenye theluji ndiko anakokaa Kitasamba, na mlima haupandwi wala hautajwi ovyo. Juu ya mashamba yao huanza Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994.

Mgodi wa Kilembe

Watu wengi wasingekuwa wanaishi katika bonde jembamba kama la Kilembe kama si shaba. Mgodi wa Kilembe ulianza uzalishaji katika miaka ya 1950, na mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese ili shaba isafirishwe hadi bandari ya Mombasa. Kwa miaka kadhaa shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Uganda iliziuza nje, pamoja na kahawa na pamba. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, na kampuni iliwajengea nyumba, shule na hospitali. Ardhi tambarare ilikuwa moja tu, nayo ni ile ya kandokando ya mto.

Uzalishaji ulififia katika miaka ya utawala wa Idi Amin na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mgodi ulifungwa lakini watu hawakuondoka. Nyumba za wafanyakazi zilipata wapangaji wengine, watoto walizaliwa na kukulia humo, na hospitali iliendelea kuhudumia bonde zima.

Mgodi uliacha pia jambo jingine. Mamilioni ya tani za masalia ya mawe yaliyosagwa yalirundikwa katika bonde, mengine karibu kabisa na mto. Ndani yake mna mabaki ya shaba, kobalti na metali nyingine. Kila mto unapofurika hula sehemu ya marundo hayo na kuyasambaza mashambani na katika nyanda za chini kuelekea ziwa George. Kwa hiyo mafuriko ya Kasese yana madhara yasiyoonekana kwenye picha za magazeti: watafiti wamepima metali hizo katika udongo, katika maji na katika mazao ya chakula yanayolimwa bondeni.

Moto wa Februari 2012

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba Rwenzori inaweza kuungua. Ni miongoni mwa milima yenye maji mengi barani. Ukungu huifunika siku nyingi za mwaka. Juu ya msitu na ukanda wa mianzi kuna miti ya jamii ya Erica iliyofunikwa na mimea midogo laini inayoning'inia kama ndevu, na chini yake kuna tabaka nene la mboji na mimea iliyolowa, ambalo mpandaji hukanyaga akazama hadi magotini. Juu zaidi kuna lobelia kubwa, mabwawa na vinamasi.

Hata hivyo miti ya Erica ina majani madogo yenye mafuta. Katika msimu wa kiangazi, ambao huko huangukia Januari na Februari, wiki chache bila mvua hutosha kuikausha, na ikishika moto huwaka kwa nguvu. Mboji ikikauka nayo huungua chini kwa chini, bila ndimi za moto kuonekana, na kuizima ni kazi ngumu. Kufika mahali penyewe huchukua siku nzima au mbili kwa miguu, na hakuna barabara wala bomba la maji.

Moto wa Februari 2012 uliunguza karibu sehemu moja ya tano ya bonde la mto Nyamwamba. Hakuna anayeishi katika eneo lililoungua. Hakuna nyumba iliyoteketea na hakuna shamba lililopotea, kwa hiyo habari zake zilikuwa habari za hifadhi na watalii, na mvua ziliporudi zikasahauliwa.

Jinsi moto unavyofungua njia kwa mafuriko

Mimea ya mlimani hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Majani huvunja nguvu ya matone ya mvua. Mboji na mimea laini hunyonya maji kama sifongo na kuyaachilia polepole kwa siku nyingi. Mizizi hushika udongo na mawe yasiteremke.

Moto huondoa kazi mbili za kwanza mara moja. Matone huanguka moja kwa moja juu ya udongo mtupu. Majivu huziba vitundu vya udongo, na wakati mwingine mafuta ya mimea iliyoungua huingia ardhini na kutengeneza tabaka jembamba linalosukuma maji badala ya kuyapitisha, kama karatasi iliyopakwa nta. Maji ambayo yangezama hutiririka juu juu, yakikokota majivu na changarawe hadi kwenye vijito.

Kazi ya tatu huondoka kwa kuchelewa, na hapa ndipo watu hudanganyika. Mti uliokufa kwa moto haung'oki siku hiyo. Mizizi yake hubaki ardhini na huendelea kushika udongo kwa muda, huku ikioza. Mwaka mmoja, miwili au mitatu baadaye nguvu yake imekwisha, na mimea mipya bado haijaweka mizizi ya kutosha. Juu milimani, ambako baridi hufanya kila kitu kikue polepole, kipindi hicho huwa kirefu zaidi. Mteremko uliookoka msimu wa mvua wa kwanza baada ya moto unaweza kuanguka katika wa pili au wa tatu. Kati ya moto wa Rwenzori na mafuriko ya Kilembe ilipita misimu miwili ya mvua, na yale yalitokea mwishoni mwa wa tatu.

Tarehe 1 Mei 2013

Ilikuwa Jumatano, sikukuu ya wafanyakazi. Mvua za Machi hadi Mei zilikuwa zinaelekea mwisho na udongo ulikuwa umeshiba maji. Mvua ilinyesha juu ya milima, na katika sehemu za juu za bonde miteremko kadhaa iliporomoka. Udongo, mawe na magogo ya miti, mingine ikiwa na alama za moto, viliingia katika mto.

Maji yenye mchanganyiko wa namna hiyo hayafanani na maji ya kawaida. Huwa mazito, na uzito huo huyawezesha kunyanyua mawe ambayo maji matupu yangeyapita pembeni. Magogo hukwama kwenye madaraja na mahali pembamba, maji hujaa nyuma yake kama bwawa, kisha kizuizi huachia ghafla. Mto pia hukokota mawe yaliyolala katika mkondo wake tangu zamani, yakiwemo yaliyoachwa na barafu ya enzi zilizopita. Ndiyo maana majabali yaliyoonekana Kilembe baada ya mafuriko yalikuwa makubwa kupita kiasi kwa mto ambao siku za kawaida mtoto anaweza kuuvuka kwa miguu.

Mto uliacha mkondo wake na kupita katikati ya makazi. Nyumba za bonde la Kilembe zilisombwa au kujazwa mawe na mchanga. Madaraja yalivunjika na pande mbili za bonde zikatenganishwa. Hospitali iliingiliwa na maji, wagonjwa wakahamishwa. Chini, katika mji wa Kasese, mto ulitapakaa katika mitaa iliyo karibu na kingo zake. Waliopoteza makao walijisitiri katika shule, makanisa na kwa jamaa zao, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Uganda lilikuwa miongoni mwa waliotoa misaada ya kwanza.

Idadi ya waliokufa ni ndogo ikilinganishwa na maafa mengine ya milimani. Lakini bonde lilipoteza kwa siku moja hospitali inayofanya kazi, madaraja na sehemu kubwa ya ardhi yake tambarare, ambayo tangu mwanzo haikuwa nyingi.

Uchunguzi wa chanzo

Watafiti kutoka Ubelgiji na Uganda walilichunguza bonde hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016. Walilinganisha vipimo vya mvua, picha za satelaiti, alama za maporomoko na masimulizi ya wakazi. Hitimisho lao ni kwamba mvua peke yake haielezi ukubwa wa mafuriko. Yalitokana na mambo kadhaa yaliyokutana: mvua juu ya udongo uliolowa, bonde lenye mteremko mkali, moto uliotangulia, na maporomoko ya ardhi yaliyoulisha mto mawe na udongo.

Maelezo mengine mawili husikika sana. La kwanza ni kuyeyuka kwa barafu. Ni kweli kwamba barafu ya Rwenzori inatoweka: mwaka 1906, msafara wa mtawala mdogo wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Italia, ulipopanda vilele hivyo, ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba. Lakini barafu iliyobaki ni ndogo mno kuweza kutoa maji ya mafuriko ya namna hii. La pili ni ukataji wa miti unaofanywa na wakulima. Kilimo cha miteremkoni kina madhara yake, ila sehemu kubwa ya bonde la juu la Nyamwamba imo ndani ya hifadhi, na hakuna anayelima huko. Kumlaumu mkulima ni rahisi, kwa sababu shamba lake linaonekana kutoka barabarani na mteremko ulioungua hauonekani.

Miaka iliyofuata

Mto uliojaa mawe hufurika kwa mvua ndogo kuliko ule wenye mkondo ulio wazi. Nyamwamba ulifurika tena mwaka 2014. Serikali ya Uganda ilipeleka mitambo kuondoa majabali na kurudisha maji katika mkondo wake, na kuta za mawe yaliyofungwa kwa waya zilijengwa kwenye baadhi ya kingo. Kazi hiyo haina mwisho, kwa kuwa mlima huleta mawe mengine kila msimu.

Mwezi Mei 2020 yalitokea mafuriko makubwa zaidi. Safari hii mito kadhaa ya wilaya ya Kasese ilifurika kwa siku chache zilezile, ukiwemo Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha pamoja na Nyamwamba. Hospitali ya Kilembe, iliyokuwa imekarabatiwa, iliharibiwa kiasi kwamba huduma zake zilihamishiwa mjini Kasese. Ilikuwa wakati wa marufuku ya kutembea kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Shule zilikuwa zimefungwa, na waliofukuzwa na maji walilala katika madarasa hayohayo, wengi chumba kimoja, wakati nchi nzima inaambiwa wasisongamane. Baadhi yao waliishi katika kambi ya Muhokya kwa miaka kadhaa wakisubiri ardhi ya kuhamia.

Suala la kuhama ni gumu kuliko linavyoonekana. Upande mmoja wa wilaya ni hifadhi ya milima, upande mwingine ni Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na mpaka wa Kongo uko karibu. Ardhi salama iliyo wazi ni haba. Anayeambiwa aondoke kingoni mwa Nyamwamba ana haki ya kuuliza aelekee wapi.

Matukio yanayofanana

Tukio linalojulikana zaidi duniani la moto kufuatwa na tope ni la Montecito katika jimbo la California, Marekani. Moto uliopewa jina la Thomas uliunguza milima ya juu ya mji huo mwezi Desemba 2017; tarehe 9 Januari 2018 mvua kali ya dakika chache iliteremsha tope na majabali usiku na kuua watu 23. Huko muda kati ya moto na tope ulikuwa wiki chache tu, na wataalamu walikuwa wametoa tahadhari.

Si kila poromoko la Afrika ya Mashariki lina moto nyuma yake. Maporomoko ya Bududa kwenye mlima Elgon ya tarehe 1 Machi 2010, yaliyofukia kijiji cha Nametsi na kuua mamia ya watu, yalitokana na mvua nyingi juu ya miteremko mikali yenye udongo mzito na makazi mengi. Nchini Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliifunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara, na watu wasiopungua 80 walikufa. Hapo sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikaachia, moto haukuhusika.

Mlima unaotajwa zaidi na wachunguzi wa moto ni Kilimanjaro. Una ukanda uleule wa miti ya Erica, nao umeungua mara nyingi. Moto wa Oktoba 2020 uliteketeza takriban kilomita za mraba 95, na mwingine ulizuka Oktoba 2022. Watafiti wameonyesha kwamba kwa miongo kadhaa moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro, na kwa hiyo kupunguza maji ambayo majani hunasa kutoka kwenye ukungu. Chini ya ukanda huo kuna vijiji vya Wachaga, mifereji yao ya kumwagilia, na mji wa Moshi.

Hali ya sasa

Katika bonde la Nyamwamba mimea imeanza kurudi juu mlimani, lakini makovu ya maporomoko bado yako wazi na mkondo wa mto bado umejaa mawe. Baadhi ya nyumba za zamani za mgodi zingali na watu. Wapandaji wanaokwenda vileleni kwa njia ya Kilembe huanza safari yao ndani ya bonde hilohilo, na siku za kwanza hupita kando ya mto.